Bunduki ya Mjapani: Kwa nini familia za Murang'a zilirithi nishani badala ya silaha

MZEE aliyepigana Burma anapofariki, kazi ya kufungua sanduku lake huwaangukia wana na wajukuu. Aghalabu ni sanduku la chuma lililokaa chini ya kitanda kwa miaka mingi, na ufunguo wake alikuwa nao mwenyewe. Ndani mna vyeti vilivyogeuka rangi, picha ya kijana aliyevalia sare ya kikosi cha King's African Rifles (KAR), na pengine nishani moja au mbili zilizoviringishwa katika kitambaa.

Ikiwa katika masimulizi ya ukoo iliwahi kutajwa bunduki ya Mjapani ambayo guka aliiteka vitani, macho ya waliokusanyika hayaishii sandukuni. Hutafuta darini, ghalani, na chini ya sakafu ya nyumba ya zamani. Wapo wanaotamani kuipata wakiiona kuwa fahari ya ukoo. Wapo pia wanaoomba isipatikane.

Kundi hilo la pili lina sababu. Swali la bunduki iliyoachwa na marehemu si la historia pekee, bali pia ni la sheria, na jibu lake laweza kumpeleka mrithi gerezani. Aidha, historia ya Murang'a yenyewe inaeleza kwa nini bunduki hiyo, hata kama iliwahi kutekwa, ilikuwa na nafasi finyu mno ya kufika nyumbani, na finyu zaidi ya kudumu huko.

Swali hili sasa limekuwa la watoto na wajukuu kuliko la askari wenyewe. Kijana aliyeandikishwa jeshini mwaka wa 1944 akiwa na umri wa miaka 18 alizaliwa 1926. Wengi wa rika hilo wamekwisha kuzikwa, na walichokiacha kinagawanywa na watu ambao hawakuiona vita hiyo.

Safari ya kwenda Burma

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vilivyodumu kuanzia 1939 hadi 1945, Waafrika wanaokaribia 100,000 kutoka Kenya walihudumu katika majeshi ya Uingereza. Awali walipigana na Waitaliano nchini Ethiopia na Somalia. Baada ya hapo wengine walipelekwa Madagascar, wengine Mashariki ya Kati, na kundi kubwa likavuka Bahari ya Hindi hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kujiandaa kupambana na Japani.

Bahari yenyewe haikuwa salama. Mnamo Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Familia za wengi wa hao hazikupata hata kaburi la kuzuru.

Waliofika salama waliunda sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Katikati ya 1944, baada ya Wajapani kushindwa Imphal na Kohima nchini India, divisheni hiyo ilitumwa kuwafuata katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya Asia. Askari walitembea katika matope yaliyofika magotini, wakiugua malaria na homa nyinginezo, huku chakula na risasi zikiangushwa kwa ndege kwa kuwa barabara zilikuwa hazipitiki. Mnamo Desemba 1944 waliufikia mji wa Kalewa. Hapo lilijengwa daraja la chuma kuvuka mto Chindwin lenye urefu wa zaidi ya mita 350, ambalo wakati huo lilitajwa kuwa refu zaidi la aina yake duniani.

Nyeri na Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall, zilitoa vijana wao. Anayejulikana zaidi miongoni mwa waliopigana Burma ni Waruhiu Itote wa Nyeri, ambaye baadaye aliongoza wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya akijulikana kama Jenerali China. Naye Bildad Kaggia, aliyekuja kuwa mbunge wa Kandara, alihudumu Mashariki ya Kati na Uingereza kama karani wa jeshi.

Kazi ya Kaggia inadokeza jambo ambalo wengi hulisahau. Maafisa wa Uingereza waliamini kwamba baadhi ya makabila yalizaliwa na vipaji vya vita na mengine hayakuwa navyo. Wakikuyu hawakuhesabiwa katika kundi la kwanza. Kwa sababu hiyo, wengi wao walipangiwa kuendesha magari, kujenga barabara na madaraja, kuhudumia wagonjwa, kupokea simu na kuandika barua za ofisi. Walioshika bunduki mstari wa mbele kama Itote walikuwepo, ila hawakuwa wengi. Mzee anayesemwa kuwa "alipigana Burma" huenda alikuwa dereva wa lori lililobeba majeruhi usiku, kazi isiyopungua hatari, lakini isiyompa mtu nafasi ya kuteka silaha.

Bunduki yenyewe

Askari wa miguu wa Japani alibeba mojawapo ya bunduki mbili. Zote hujulikana kwa jina la Arisaka, kutokana na Kanali Arisaka Nariakira aliyeongoza utengenezaji wa zile za mwanzo mwishoni mwa karne ya 19.

Ya kwanza ni Aina ya 38, iliyoidhinishwa mwaka wa 1905. Namba 38 ilitokana na mwaka wa 38 wa utawala wa Mfalme Meiji. Ni ndefu, karibu mita moja na robo, na hutumia risasi ya milimita 6.5. Ya pili ni Aina ya 99, iliyoidhinishwa mwaka wa 1939, ambao kwa kalenda ya kifalme ya Japani ulikuwa mwaka wa 2599. Hii ni fupi kiasi na hutumia risasi nzito zaidi ya milimita 7.7. Zote mbili hubeba risasi tano, na mpigaji hulazimika kuikoki bunduki kwa mkono kila baada ya kufyatua risasi moja.

Juu ya chuma, mahali risasi inapoingilia mtutuni, palichongwa ua la krisanthemamu lenye petali 16, ambalo ni nembo ya Mfalme wa Japani. Maana yake ilikuwa kwamba bunduki ni mali ya mfalme, na askari aliaminiwa tu kuitunza. Japani iliposalimu amri mnamo Agosti 1945, bunduki nyingi zilikwanguliwa nembo hiyo kabla ya kukabidhiwa washindi. Ndiyo sababu wanaozichunguza bunduki hizi hutazama kwanza ua. Likiwa zima, yamkini bunduki ilitekwa vitani. Likiwa limekwanguliwa, yamkini ilikabidhiwa baada ya vita.

Umri wa bunduki hizi haupaswi kumhadaa mtu. Zilizotengenezwa mapema zilikuwa imara sana. Zile za miezi ya mwisho ya vita, Japani ilipokuwa imeishiwa na malighafi, zilitengenezwa kwa haraka na kwa ubora duni. Zipo pia zilizoundwa kwa mafunzo ya wanafunzi, ambazo kwa sura hufanana na za kweli lakini hazikukusudiwa kupiga risasi halisi. Anayeijaribu mojawapo ya hizo bila kujua aweza kupasukiwa na chuma usoni.

Kwa nini haikufika nyumbani

Nchini Marekani, bunduki ya Arisaka ni kitu cha kawaida katika nyumba za watu ambao baba au babu zao walipigana katika Bahari ya Pasifiki. Jeshi la nchi hiyo liliwaruhusu askari wake kurudi na baadhi ya nyara za vita, mradi afisa mkuu atie sahihi kwenye karatasi ya idhini. Baba alipofariki, mwana aliitundika bunduki ukutani au akaiweka kabatini pamoja na karatasi yake.

Askari wa Kiafrika hakuwa na njia hiyo. Silaha zilizotekwa zilihesabiwa kuwa mali ya jeshi, si ya aliyeziteka. Hata bunduki aliyokabidhiwa mwenyewe aliirejesha kabla ya kuachishwa kazi. Katika bonde la Kabaw, mtu aliyekuwa amebeba bunduki yake, risasi, blanketi na chakula hakuwa na sababu ya kujiongezea kilo nne za chuma cha adui katika safari ya miezi kadhaa ya matope.

Hata angeweza kuibeba, alikuwa akirudi katika koloni ambalo kwa kawaida halikumruhusu Mwafrika kumiliki bunduki. Mlowezi aliweza kuwa na bunduki ya kuwinda na bastola ya kujilinda. Mwafrika, hata awe na nishani tatu kifuani, alitarajiwa kurejea kwenye kipande na kodi. Baada ya vita, serikali iliwapa askari Wazungu ardhi katika nyanda za juu kupitia mpango maalumu wa makazi. Wenzao Waafrika waliopigana nao Burma hawakupewa. Tofauti hiyo, zaidi ya nyara yoyote, ndiyo waliyorudi nayo Murang'a na Nyeri, na ndiyo iliyowasukuma baadhi yao kuingia msituni miaka michache baadaye.

Ikiwa ipo bunduki iliyopenya licha ya vizuizi hivyo vyote, ilikuwa bado haijakutana na kizuizi kikubwa zaidi.

Chuma kilipogeuka kifo

Mnamo Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Katika miezi iliyofuata, kupatikana na bunduki au hata risasi bila idhini kulifanywa kosa la kunyongwa. Haikuhitajika kuthibitishwa kuwa mtu alikuwa ameitumia.

Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika kipindi hicho. Wengi wao hawakupatikana na hatia ya kuua, bali ya makosa kama kumiliki silaha, kuwa na risasi au kuandamana na waliokuwa na silaha. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa mnamo Oktoba 21, 1956 na kushtakiwa Nyeri, hakunyongwa kwa kosa la kuua mtu. Shtaka lililompeleka kwenye kitanzi katika gereza la Kamiti mnamo Februari 18, 1957 lilikuwa la kupatikana na bastola kinyume cha sheria.

Katika mazingira hayo, kipande chochote cha bunduki kilikuwa hukumu ya kifo iliyokuwa ikisubiri kusomwa. Aliyekuwa nacho alikuwa na njia tatu: kukizika, kukitupa mtoni, au kukipeleka msituni. Huko msituni silaha zilikuwa haba kiasi kwamba wapiganaji walijiundia bunduki zao wenyewe kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya kuvuta. Bunduki ya kigeni ingepokewa kwa furaha, lakini risasi za milimita 6.5 na 7.7 za Japani hazikupatikana mahali popote nchini. Bila risasi zake, bunduki hiyo ingekuwa na thamani ya rungu.

Kisha nyumba zenyewe zikaondolewa. Kuanzia 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati na kuwakusanya katika vijiji vilivyozungukwa kwa mitaro na kulindwa na walinzi. Nyumba zilizoachwa zilibomolewa au kuteketezwa. Mahali ambapo guka alikuwa ameficha kitu mwaka wa 1946 palikuwa pamegeuka shamba la mtu mwingine kufikia mwisho wa mwongo huo, kwa kuwa mipaka ya ardhi ilipimwa upya wakati watu wakiwa vijijini. Hata kama bunduki ilizikwa, aliyeizika huenda hakuruhusiwa tena kukanyaga pale alipoizika.

Ndiyo maana kinachofukuliwa wakati mwingine kandokando ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya si nyara za Burma, bali ni masalia ya vita vya nyumbani: mtutu wa kujitengenezea, maganda ya risasi, au bomu lililoangushwa na ndege za Uingereza likakosa kulipuka.

Sheria ya leo inasemaje

Adhabu ya kifo kwa kupatikana na bunduki ilipita pamoja na hali ya hatari. Hata hivyo, sheria haijalegea. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamkataza mtu yeyote kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti cha idhini. Kwa bunduki ya kawaida, adhabu ni kifungo cha kati ya miaka 5 na 10. Kwa silaha za kivita zilizopigwa marufuku kabisa, adhabu ni kali zaidi.

Mambo manne huwachanganya warithi.

La kwanza ni umri wa silaha. Wengi hudhani kwamba kitu kilichoundwa kabla ya uhuru si bunduki tena bali ni kumbukumbu. Sheria huangalia kama chombo kinaweza kufyatua risasi, au kama kinaweza kurekebishwa kikafyatua. Kutu pekee haiondoi uwezo huo. Anayetaka kutegemea uzee wa bunduki kama kinga asubiri kwanza ushauri wa wakili, wala asijipe uhakika mwenyewe.

La pili ni urithi. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali ya marehemu hugawanywa baada ya mahakama kumteua msimamizi. Shamba, ng'ombe na akaunti ya benki hupita kwa njia hiyo. Cheti cha bunduki hakipiti. Hutolewa kwa mtu aliyetajwa jina, kwa silaha iliyotajwa. Mwenye cheti akifa, mwana hawezi kusema kwamba amekirithi. Ni lazima aombe chake kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, akaguliwe, na aeleze kwa nini anahitaji silaha. Ikiwa marehemu mwenyewe hakuwahi kuwa na cheti, hakuna hata pa kuanzia.

La tatu ni maana ya kumiliki. Kanuni ya Adhabu inaeleza kwamba mtu anaweza kuhesabiwa kuwa na kitu hata kama hakimo mikononi mwake, mradi anajua kipo na kimewekwa mahali kwa ajili yake au kwa ajili ya mwingine. Aidha, ikiwa watu wawili au zaidi wanajua na kukubali kwamba mmoja wao anacho, wote waweza kuhesabiwa kuwa nacho. Kwa familia, maana yake ni nzito. Bunduki inayofahamika na ndugu watano kuwa imo ghalani inaweza kuwatia hatiani wote watano, si yule tu anayeishi katika boma hilo.

La nne ni msamaha. Mara kwa mara serikali hutangaza muda ambao watu wanaweza kusalimisha silaha bila kushtakiwa, kama ilivyofanya katika maeneo ya Kaskazini mwa Bonde la Ufa mnamo Februari 2023. Misamaha ya namna hiyo hutolewa kwa mahali na muda maalumu. Si mlango ulio wazi siku zote, na familia ya Murang'a haiwezi kuishi ikitegemea tangazo lililotolewa kwa ajili ya Baringo au Turkana.

Ikipatikana, ifanyweje

Kanuni ya kwanza ni kutoigusa. Bunduki ya zamani yaweza kuwa bado imejazwa risasi, na baruti iliyokaa miongo minane haitabiriki. Mtu asiipanguse, asiivute komeo, wala asiielekeze popote kuonyesha jinsi guka alivyokuwa akilenga shabaha. Ikiwa kilichoonekana ni bomu au gruneti, watu waondoke mahali hapo na watoto wazuiwe.

Ya pili ni kutoisafirisha. Kuifunga kwenye gunia na kupanda nayo matatu hadi kituoni, hata kwa nia njema, ni kujiweka katika hali ambayo polisi wa kizuizi cha barabarani hawatakuwa na muda wa kuisikiliza hadithi yake. Ni afadhali kumjulisha chifu au kituo cha polisi kilicho karibu na kuwaacha maafisa waje wenyewe.

Ya tatu ni kuweka mashahidi na maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayepiga ripoti aende na mzee wa ukoo au wakili, ahakikishe taarifa imeandikwa katika kitabu cha matukio, na achukue namba yake. Siku na saa ya kupatikana, mahali, na majina ya waliokuwepo yaandikwe na familia yenyewe pia. Ripoti iliyotolewa mapema na kwa hiari ni ushahidi wa nia njema. Iliyochelewa kwa mwaka mzima huzua maswali.

Ya nne inahusu wanaosikitika kwamba historia itapotea. Familia yaweza kuandika barua kuomba silaha hiyo ichunguzwe kabla ya kuharibiwa, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yafahamishwe. Makavazi hayo yana tawi Nyeri, katika jengo la iliyokuwa mahakama ya Waafrika huko Ruring'u. Bila ombi, silaha zilizosalimishwa huishia motoni pamoja na nyingine. Mnamo Novemba 2016, kwa mfano, serikali iliteketeza bunduki 5,250 Ngong kwa siku moja.

Urithi usiohitaji leseni

Huku macho yakitafuta bunduki, vitu vyenye thamani zaidi hutupwa. Cheti cha kuachishwa jeshi huchukuliwa kuwa karatasi kuukuu. Nishani huuzwa kwa mnunuzi wa vyuma au kuachiwa watoto waichezee.

Nishani inayothibitisha huduma ya Burma ni nyota ya shaba yenye ncha sita. Utepe wake una rangi ya buluu nzito, mstari mpana mwekundu katikati, na mistari miwili ya rangi ya machungwa pembeni. Mwenye nyota hiyo alifika kweli katika uwanja huo wa vita. Ikiwa pamoja nayo kuna cheti chenye namba ya jeshi, jina la kikosi na tarehe za kuandikishwa na kuachishwa, familia inao ushahidi ambao hakuna bunduki ingeweza kuutoa. Bunduki haisemi nani aliibeba wala ilifikaje. Namba ya jeshi husema.

Kwa waliopoteza jamaa ambao hawakurudi, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hutunza orodha ya majina na mahali yanapokumbukwa. Tume hiyo ndiyo pia inayotunza makaburi ya vita mjini Nyeri na kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi. Utafutaji huwa rahisi ikiwa namba ya jeshi inajulikana, na huwa mgumu ikiwa jina pekee ndilo lililobaki, hasa kwa kuwa makarani wa kikoloni waliyaandika majina ya Kikuyu jinsi masikio yao yalivyoyapokea.

Ipo pia aina moja ya nyara ambayo haina tatizo la leseni, nayo ni bendera. Askari wengi wa Japani walikwenda vitani na bendera ndogo ya kitambaa iliyoandikwa majina na salamu za jamaa na majirani. Washindi waliziokota na kwenda nazo makwao. Tangu 2009, shirika la OBON Society lenye makao katika jimbo la Oregon nchini Marekani limekuwa likizipokea bendera hizo kutoka kwa watoto wa waliozichukua na kuzirudisha kwa familia za Japani. Kwa baadhi ya familia hizo, kitambaa hicho ndicho kitu pekee kilichowahi kurudi kutoka kwa kijana aliyeondoka. Anayefungua sanduku Kangema na kukuta kitambaa cheupe chenye duara jekundu na maandishi asiyoweza kuyasoma asikitumie kupangusia meza.

Masimulizi ya wazee nayo yahitaji kuandikwa kabla ya wanaoyakumbuka kuondoka. Mjane wa askari, dada yake mdogo, au jirani aliyeoa mwaka mmoja naye wanaweza kusema alirudi mwezi gani, alikuwa amekonda kiasi gani, alilala vipi usiku, na kama aliwahi kuitaja Burma akiwa amelewa au akiwa na malaria. Wanaweza pia kusema, ikiwa waliambiwa, bunduki iliyosimuliwa ilikwenda wapi.

Mara nyingi jibu huwa moja kati ya matatu: haikuwahi kuwepo ila katika hadithi, ilizikwa mahali ambapo leo pamepandwa chai au kahawa, au mtu mmoja katika boma aliichukua usiku wa 1953 na kuitupa katika mto Mathioya ili watoto wake wasibaki mayatima. Kama jibu ni hilo la tatu, familia hiyo isihesabu kwamba ilinyimwa urithi. Wapo watu wanaoishi leo kwa sababu ya usiku huo.